Ngoma Inajenga Mwili, Lakini Ina Masharti Yake



Jumapili moja baada ya ibada tulikaa chini ya mparachichi wa kigango kimoja cha upande wa Kidugala. Tulikuwa tumealikwa kuzungumzia shinikizo la damu, tukaja na kipimo chetu na karatasi zetu. Kabla hatujafungua mkoba tukakuta watu wanabishana. Vijana wa VIWAWA walikuwa wameomba ruhusa ya kujifunza kupiga ngoma za mikono na kucheza ngoma za makabila mbalimbali na za mataifa ya mbali, ili waitumikie sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Katekista alikubali. Mwalimu alipatikana. Waliokataa walikuwa akina mama.

Bibi mmoja akasimama, akajifunga vizuri kitenge chake, akasema: “Wanangu, mimi nalea wajukuu watatu. Baba yao na mama yao wamelala pale makaburini tangu mwaka 2013. Mwanangu alikuwa mchezaji hodari kuliko wote hapa. Ngoma ndiyo iliyomtoa nyumbani usiku, ulanzi ukampokea huko, na yaliyofuata mnayajua. Leo mnataka niwapeleke wajukuu kule kule?”

Watu wote walinyamaza. Nasi hatukuwa na jibu la haraka. Tukaona ni afadhali somo la shinikizo la damu lingoje kidogo, tuzungumze kwanza juu ya ngoma yenyewe: inafanya nini katika mwili, inaponya wapi, inaumiza wapi. Haya ndiyo tuliyozungumza siku ile, pamoja na mengine tuliyoyaongeza baadaye.

NGOMA ZA MBALI SI NGENI KWETU

Baadhi ya wazazi walisema kwamba ngoma za watu wengine hazituhusu. Lakini historia ya Kidugala yenyewe inaonyesha vingine. Kidugala inajulikana zaidi kwa misioni ya ndugu zetu Walutheri, iliyoanzishwa na wamisionari wa Berlin. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mahali hapo palipokea wageni kutoka mbali sana. Hao walikuwa Wapolandi, wengi wao Wakatoliki, wanawake na watoto waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu kutoka kwao na kupelekwa katika nchi ya Urusi ya Kisovieti. Mwaka 1942 waliruhusiwa kupita Irani, wakaletwa kwa meli hadi Afrika ya Mashariki. Makambi yao yalikuwa Tengeru, Ifunda, Kondoa, Kidugala na kwingineko. Walifika wamedhoofu kwa njaa na maradhi, na wengine walizikwa katika ardhi yetu.

Katika makambi hayo ya Afrika Wapolandi walifungua shule na makanisa, na watoto walifundishwa nyimbo na michezo ya kwao, wakiruka na kuzunguka wawili wawili kama babu zao. Watu waliopoteza karibu kila kitu hawakuona kwamba kucheza ni upuuzi. Mtoto aliyeona kifo njiani alipewa chakula, dawa, sala, na wimbo wa nyumbani.

Mwalimu wa ngoma wa kigango chetu naye ana historia yake. Ni mzee aliyepita miaka themanini. Alipokuwa kijana alikwenda Tanga kukata mkonge, kama walivyofanya Wabena wengi wa wakati ule. “Kule kambini,” alituambia, “Jumapili ilikuwa shule. Mmakonde anacheza sindimba yake, Mngoni lizombe yake, Mnyamwezi yake, Muha yake. Wewe unasimama unatazama mikono. Jioni unajaribu juu ya debe.” Hivyo ngoma za mataifa alizijifunza bila kusafiri nje ya Tanganyika, na huko Njombe alirudi nazo zote kichwani.

Kanisa nalo halijakaa nje ya jambo hili. Katika Biblia tunamwona Miriamu akishika tari baada ya kuvuka bahari, na mfalme Daudi akicheza mbele ya Sanduku la Agano. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio ya Liturujia ya mwaka 1963, ulitaka muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi katika ibada. Kule Bujora karibu na Mwanza, Padre David Clement wa Mapadre Weupe, mzaliwa wa Kanada, aliwakaribisha Wasukuma walete ngoma zao wakati wa sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Mashindano ya vyama viwili vya wachezaji, Wagika na Wagalu, yakapata nafasi pamoja na maandamano ya Ekaristi. Huko Zaire, ambayo leo ni Kongo, Roma iliidhinisha mwaka 1988 utaratibu wa Misa ambamo watu husogea kwa kucheza.

Serikali pia ilifanya sehemu yake. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alianzisha wizara ya utamaduni, akisikitika kwamba wasomi wetu walijua dansi za Ulaya kuliko ngoma za baba zao. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981, na wageni kutoka Ulaya na Marekani wamekuwa wakija huko kujifunza kwa walimu Waswahili. Siku hizi katika miji mingi ya dunia utakuta watu wa kila rangi wamekaa duara wakipiga jembe, yaani ile ngoma ya Gine na Mali yenye umbo la kinu na ngozi ya mbuzi. Wao wanakuja kuchota kwetu. Ingekuwa ajabu sisi tukitupa kisima.

FAIDA YAKE MWILINI

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji dakika 60 kwa siku kwa wastani. Wazee wa miaka 65 na zaidi wanashauriwa kufanya mazoezi ya kutunza mizani ya mwili na nguvu ya misuli angalau siku tatu kwa wiki, ili wasianguke.

Mkulima anayelima mahindi na viazi kwa jembe la mkono amekwisha kupata sehemu kubwa ya mazoezi hayo. Lakini Makambako ya leo ina wenye maduka, mafundi cherehani, makarani, madereva wa malori na vijana wa bodaboda wanaokaa tangu asubuhi hadi usiku. Hao ndio tunaowaona zaidi wakija na kisukari na shinikizo la damu. Kwao ngoma ya saa moja mara tatu kwa wiki ni tiba ya bei rahisi.

Namna ya kujua kama mchezo ni wa wastani ni hii. Ukicheza ukiwa unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hapo moyo unafanya kazi ya kutosha. Ukiweza kuimba wimbo mzima bila kuhema, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kusema sentensi fupi, punguza. Wazee wetu walilipanga jambo hili bila daktari: kundi moja linacheza, kundi jingine linaimba na kupiga makofi, halafu wanabadilishana.

Kuna faida nyingine ya kichwa. Kukumbuka hatua, kusikiliza mpigaji na kufuatana na wenzako ni kazi ya ubongo. Mwaka 2003 madaktari wa New York walitoa habari za wazee 469 wenye umri wa zaidi ya miaka 75 waliowafuatilia kwa miaka kadhaa. Waliokuwa na desturi ya kucheza dansi walipatwa na upungufu wa akili wa uzeeni mara chache kuliko wasiocheza. Habari hiyo haithibitishi kwamba dansi peke yake iliwakinga, maana huenda wenye akili timamu ndio walioendelea kucheza. Hata hivyo hakuna hasara kwa mzee kujaribu.

Na tusisahau upweke. Bibi anayelea wajukuu yatima, kijana aliyerudi kutoka mjini bila kazi, mjane aliyejifungia ndani: hawa huugua rohoni kabla ya kuugua mwilini. Mtu akiitwa na ngoma akatoka nje, akacheka na wenzake, amekwisha kupata kipimo cha kwanza cha dawa.

MIKONO INAFUNDISHWA KWANZA

Kijana mmoja siku ile alituonyesha viganja vilivyovimba. Alikuwa amejifundisha peke yake kwa siku mbili akipiga kwa nguvu zake zote. Mzee alicheka, akamwambia: “Unapiga ngoma kama unamfukuza nyani shambani.”

Ngoma ya mkono hailii kwa nguvu, inalia kwa mkono mwepesi unaoanguka na kurudi wenyewe. Sauti nene hutoka katikati ya ngozi, kiganja chote kikigusa. Sauti ya juu hutoka ukingoni, vidole vikiwa pamoja na kidole gumba kikiwa nje. Anayegonga ukingo wa mti kwa kidole gumba au kwa mifupa ya kiganja ataumia. Pete na bangili zivuliwe. Mabega yashuke. Mwanafunzi aanze kwa mdomo, atamke mapigo mpaka yakae kichwani, kisha ayapige mapajani mwake, mwisho ndipo aguse ngozi. Dakika kumi na tano zatosha kwa siku za kwanza.

Vidole vikivimba, pumzika siku mbili tatu na ukande kwa maji baridi. Maumivu ya kifundo yasiyoisha, ganzi ya vidole usiku, au kidole kisichokunjika, vipelekwe zahanati.

Jambo moja linawatisha watu kwa sababu hawalijui. Mara chache sana, mtu aliyepiga ngoma kwa mikono mitupu muda mrefu na kwa nguvu hukuta mkojo wake umekuwa mwekundu au wa rangi ya chai nzito. Sababu ni kwamba chembechembe nyekundu za damu hupasuka ndani ya mishipa ya viganja kwa ajili ya kule kugonga, na rangi yake hutokea katika mkojo. Aache kupiga, anywe maji mengi, aende kupimwa siku hiyo hiyo. Asidhani kwamba amerogwa. Lakini pia asijitibu kwa kubahatisha, maana kichocho, malaria kali na maradhi ya figo huweza kuleta dalili inayofanana.

MASIKIO HAYAOTI TENA

Mwalimu wetu mzee hasikii vizuri. Ukimsalimu shikamoo upande wa kushoto haitikii. Uzee umechangia, lakini miaka mingi ya kukaa kati ya ngoma kubwa nayo imechangia. Vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vikifa kwa kelele havioti tena, na hakuna dawa ya kuvirudisha.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Kwa mtu mzima, sauti ya desibeli 80 inavumilika kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda huo unashuka kuwa saa 4 tu kwa wiki. Ngoma inayopigwa kwa nguvu karibu na sikio huweza kupita hapo. Ukiongeza maikrofoni na spika za kanisani, hatari inakuwa kubwa zaidi.

Kwa kuwa hatuna kipimo vijijini, tumia kipimo hiki: kama unalazimika kupiga kelele ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, sauti imezidi. Pumzikeni kila baada ya nusu saa. Fanyeni mazoezi nje kuliko ndani ya chumba cha bati, ambacho hurudisha sauti. Wapigaji wabadilishane nafasi. Pamba kavu masikioni haisaidii sana, vizibo vya masikio vya dukani ni bora. Mama mwenye mtoto mgongoni asisimame mbele ya ngoma kubwa wala mbele ya spika. Masikio yakivuma baada ya ngoma, hiyo ni onyo.

NGOZI INAYOWAMBWA

Hapa tunaomba msomaji asome taratibu, maana jambo hili laweza kuokoa maisha.

Muumini mmoja mwenye moyo mwema alikuwa ameleta ngozi ya mbuzi bure kwa ajili ya kuwamba ngoma mpya. Mzee aliinusa, akauliza mbuzi alichinjwa lini. Akaambiwa hakuchinjwa, alikutwa amekufa zizini. Mzee akaikataa. “Ngozi ya mzoga hailii vizuri,” alisema. Vijana walinung'unika kwa sababu hawakuwa na fedha za kununua nyingine.

Sisi tuliunga mkono uamuzi wa mzee kwa sababu nyingine kubwa zaidi. Ng'ombe, mbuzi au kondoo anayekufa ghafla huenda amekufa kwa kimeta. Vijidudu vya kimeta hujigeuza kuwa mbegu ngumu ambazo hukaa katika udongo na katika ngozi kwa miaka mingi. Kuianika ngozi juani hakuziui. Mtu akikwangua manyoya ya ngozi kavu, vumbi lake humwingia puani, au mbegu huingia katika mchubuko wa mkono.

Wapenzi wa ngoma wa nchi za mbali wamekwisha kupata msiba huu. Mwaka 2006 mtengeneza ngoma mmoja wa New York alipata kimeta cha mapafu kutokana na ngozi zilizotoka Afrika ya Magharibi, akapona baada ya matibabu makubwa. Mwaka huo huo mtu mwingine alikufa huko Skoti, na mwaka 2008 mtengeneza ngoma mwingine alikufa London. Mwaka 2009 mwanamke mmoja katika jimbo la New Hampshire, Marekani, aliugua kimeta cha tumbo baada ya kuhudhuria mkutano wa wapiga ngoma. Maradhi ya namna hii ni nadra sana kwa wapigaji. Anayekwangua na kuwamba ngozi ndiye aliye karibu zaidi na hatari. Lakini hapa kwetu kimeta hakijaisha, na hasa mikoa ya kaskazini imepata milipuko yake mara kwa mara.

Basi tushike haya:

– Tusitumie kamwe ngozi ya mnyama aliyekufa mwenyewe. Tusimchune wala kumla. Tumwite afisa mifugo, na mzoga uzikwe au uchomwe kama atakavyoelekeza.

– Tununue ngozi ya mnyama aliyechinjwa na kukaguliwa.

– Ngozi ilowekwe kabla ya kukwanguliwa, kazi ifanyike nje, mbali na watoto na vyombo vya kupikia. Mwenye kidonda mkononi asishike. Wote wanawe kwa sabuni wakimaliza.

– Akitokea mtu mwenye kipele kinachowasha, kikawa kidonda kisichouma chenye gamba jeusi katikati na uvimbe pembeni, aende kituo cha afya upesi na aseme kwamba alishika ngozi. Kimeta cha ngozi hutibika kwa dawa za kawaida kikiwahiwa.

Neno moja zaidi kuhusu moto. Katika baridi yetu ya Juni na Julai ngozi hulegea, na wapigaji huikausha kwa moto ili ikaze. Moto huo uwe nje. Kuingiza jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, iwe ni kwa ajili ya ngoma au kwa ajili ya kujipasha joto, huleta hewa ya sumu isiyo na harufu. Watu hulala wasiamke.

WENYE MAGONJWA NA WAZEE

Je, mwenye shinikizo la damu acheze? Ndiyo, kama anatumia dawa zake na shinikizo limetulia. Aanze polepole kwa dakika kumi, aongeze wiki kwa wiki. Shinikizo la 140 kwa 90 au zaidi, likipimwa mara kadhaa, linahitaji kufuatiliwa na mganga. Namba ya juu ikifika 180 au ya chini ikifika 110, asicheze kabisa, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Tumeona watu wanaoacha vidonge kwa sababu “siku hizi nafanya mazoezi”. Hilo ni kosa. Mazoezi na vidonge hufanya kazi pamoja.

Mwenye kisukari avae viatu, maana mguu wenye ganzi hausikii mwiba, na awe na kitu kitamu mfukoni. Mjamzito mwenye afya njema aweza kucheza taratibu bila kuruka, na aache mara moja akiona damu, maumivu ya tumbo au kizunguzungu. Mwenye magoti mabovu acheze akiwa amekaa, kwa mabega na mikono. Yeyote anayesikia kifua kubana, pumzi kukata, au giza machoni, asimamishwe na apelekwe kwa mganga. Kabla ya kuanza, wote wapashe miili joto dakika kumi. Baada ya kumaliza, wavae masweta yao kabla jasho halijapoa.

USIKU, ULANZI NA UKIMWI

Sasa turudi kwa bibi yetu, maana swali lake lilikuwa zito kuliko mengine yote.

Mkoa wa Njombe ndio uliobeba mzigo mkubwa wa virusi vya UKIMWI katika nchi yetu. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023, Njombe ilikuwa na asilimia 12.7 ya watu wazima wenye virusi, wakati nchi nzima ilikuwa na asilimia 4.4. Kila familia ya parokia zetu inajua maana ya namba hizo bila kuelezwa.

Lakini tuseme wazi ni kitu gani kinachoambukiza. Virusi vya UKIMWI havipiti katika jasho, wala katika kushikana mikono duara, wala katika kupiga ngoma moja kwa zamu, wala katika kula pamoja baada ya mchezo. Mwenye virusi anayetumia dawa zake vizuri ana nafasi yake katika ngoma kama mtu mwingine yeyote, na mazoezi humfaa. Asitengwe.

Kilichomwua mwana wa bibi hakikuwa mdundo. Kilikuwa giza, pombe, kukosa msimamo katika mahusiano, na baada ya hapo kuchelewa kupima. Mwaka 2013 dawa zilikuwako, tena bila malipo. Yeye na mkewe waliogopa macho ya watu wakati muda ulikuwa unakwisha. Bibi mwenyewe ndiye aliyetuambia hivyo, na alituomba tuandike.

Tuwaambie vijana ukweli wote. Waelezwe usafi wa moyo na uaminifu kama Kanisa linavyofundisha, wajue pia mahali pa kupima, na wasione haya kwenda. Na anayekohoa kwa majuma mawili au zaidi asikae katika chumba cha mazoezi na wenzake mpaka amepimwa kifua kikuu.

WALIVYOAMUA

Majadiliano yalichukua muda mrefu, na somo letu la shinikizo la damu tulilifanya jua likiwa limeinama. Mwishoni kigango kilikubaliana hivi. Mazoezi yatakuwa Jumamosi saa tisa alasiri, na yatakwisha kabla ya saa kumi na mbili jioni. Hakuna ulanzi wala pombe nyingine kiwanjani. Akina mama wawili wa WAWATA watakaa pale kila mara, kwa zamu. Ngozi itanunuliwa kwa mchinjaji, kila jumuiya ikichangia kidogo. Vijana watajifunza ngoma moja ya kwetu kwanza, ndipo waongeze za wengine. Mzee atakaa pembeni, si katikati ya ngoma, na kijana mmoja atamrudishia kwa ishara anachoulizwa.

Bibi hakusema kitu tena mpaka watu walipoanza kutawanyika. Tulimpima shinikizo, tukakuta 150 kwa 95. Tulimwandikia aende zahanati apimwe tena juma lile. Akatuuliza: “Na mimi, magoti haya, nikae nyumbani?”

Tukamjibu: “Bibi, njoo ukae kwenye kiti uimbe. Mikono yako haina ugonjwa.”

Akatazama ngoma kwa muda. Akasema zamu ya kwanza ya WAWATA aandikwe yeye, kwa sababu wajukuu wake akiwapeleka, atawarudisha mwenyewe.

MASWALI KWA AJILI YA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu, vijana wanakusanyika wapi na saa ngapi? Kuna mtu mzima karibu nao?

2. Nani kati ya wazee wetu anajua ngoma ambayo hajamrithisha mtu? Tumwombe lini?

3. Mnyama akifa ghafla katika kijiji chetu, tunafanya nini na nyama yake na ngozi yake?

4. Ni nani katika jumuiya yetu amejifungia nyumbani kwa ugonjwa, uzee au huzuni, na tungeweza kumwalika aje hata kuimba tu?